Sidney Poitier na mwalimu asiyejulikana jina

Mara ya kwanza nilipomwona Sidney Poitier nilikuwa nimeketi juu ya meza ya kulia chakula. Ilikuwa Jumamosi usiku, katika miaka ya sabini, na shule yetu ya bweni haikuwa na ukumbi. Bwalo letu lilikuwa kanisa Jumapili asubuhi, na Jumamosi moja moja, mtambo wa sinema ulipopatikana, likawa nyumba ya sinema. Shuka mbili za kitanda zilishonwa pamoja zikatundikwa ukutani. Filamu ilikuwa “To Sir, with Love”, iliyotoka mwaka wa 1967. Ndani yake mtu mweusi aliyevaa suti na tai alikuwa mwalimu wa wanafunzi Wazungu, watukutu kupindukia, wa mtaa wa makabwela mashariki mwa London. Sisi tuliozoea kumwona Mzungu akishika chaki tulishangilia mpaka mwalimu wa zamu akatishia kuuzima mtambo.

Ninachokumbuka zaidi, hata hivyo, ni sauti yake. Alikitamka Kiingereza kwa utulivu, kila neno limekamilika kabla halijamtoka kinywani. Juma lilo hilo mwalimu mmoja, ambaye sitamtaja, alikuwa amenisimamisha mbele ya darasa nilirudie neno moja lenye “l” na “r” ndani yake, herufi ambazo ulimi wangu ulikuwa ukizibadilishana mahali. Nililirudia hadi kengele ikalia, darasa zima likiangua kicheko. Basi nilipomsikia Poitier, nilijiambia kwamba watu kama hao huzaliwa na sauti zao, na sisi wengine tumezaliwa na zetu.

Nilikosea pakubwa. Ilinichukua miaka mingi, nami nimekwisha kuwa mwalimu, kuyasoma maisha yake na kulijua kosa langu. Tangu alipofariki mjini Los Angeles tarehe 6 Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 94, nimekuwa na hamu ya kukisimulia kisa hiki kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi wetu, maana wengi wanaomjua wanazijua tuzo zake tu.

Wazazi wake, Reginald na Evelyn, walikuwa wakulima wa nyanya katika Cat Island, mojawapo ya visiwa vya Bahamas. Walikuwa wamesafiri hadi Miami kuuza mazao yao, na huko mama akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Mtoto alizaliwa tarehe 20 Februari 1927 akiwa njiti, hata kilo moja na nusu hakutimiza. Baba, ambaye alikuwa amekwisha kuwazika watoto wengine, alikwenda kutafuta kijisanduku cha kumzikia. Mama hakukubali. Alikwenda kwa mpiga ramli, akarudi na habari kwamba mtoto ataishi. Sina imani na ramli, lakini ninamwelewa mama yule.

Cat Island hakukuwa na umeme, mifereji ya maji wala motokaa. Shule mtoto aliijua kwa muda mfupi mno, kisha akatoka kwenda kutafuta riziki. Alipotimu miaka 15 alipelekwa Miami kwa kaka yake, na huko akajifunza somo ambalo kisiwani hakuna aliyewahi kumfunza. Alitumwa kupeleka mzigo kwenye nyumba ya mama mmoja wa Kizungu, naye akaamriwa azunguke mlango wa nyuma. Kijana hakuona maana ya kuzunguka, maadamu mwenye mzigo alikuwa amesimama papo hapo mbele yake. Akauweka mzigo chini, akaenda zake. Baadaye watu wa Ku Klux Klan walifika kwa kaka yake kumtafuta.

Mwaka uliofuata alikuwa New York. Alilala katika kituo cha mabasi, akaosha vyombo, akadanganya umri akaandikishwa jeshini, akatoka jeshini, akarudi kuosha vyombo. Na hapa ndipo kinapoanza kisa ninachotaka kukisimulia.

Siku moja alikuwa akipekua gazeti la Amsterdam News kutafuta kazi ya jikoni. Akaona tangazo kwamba waigizaji wanatakiwa katika jumba la American Negro Theatre, mtaani Harlem. Akawaza: kuosha vyombo nimekwisha kujaribu, kwa nini nisijaribu na hili? Alipewa maandishi ya mchezo ayasome jukwaani. Akaanza kuyasoma neno baada ya neno, akikwama, akirudi nyuma, kwa lafudhi nzito ya visiwani. Mwenye kumsikiliza hakungoja amalize. Alimshika, akamsukuma hadi mlangoni, akamwambia aende akatafute kazi ya kuosha vyombo.

Poitier alieleza baadaye kwamba kilichomchoma si kule kusukumwa. Alitembea barabarani akijiuliza mtu yule alijuaje kwamba yeye ni mwosha vyombo, ilhali hakuwa amemwambia. Akaona kwamba mgeni amemtazama kwa dakika chache tu na kuukata mwisho wa maisha yake. Papo hapo akaazimia kuwa mwigizaji, si kwa sababu aliipenda sanaa, ambayo bado hakuijua, bali ili aonyeshe kwamba mtu yule amekosea.

Alinunua redio. Kwa miezi kadhaa, kila alipotoka kazini, aliifungulia akawasikiliza watangazaji na kurudia kila walichokisema, kwa mkazo ule ule na mapumziko yale yale. Sauti ile iliyonifanya mimi nijidharau juu ya meza ya bwalo ilitengenezwa hivyo, chumbani, na kijana aliyekuwa akinuka sabuni ya vyombo.

Kusoma lakini hakukuwa jambo la redio. Alikuwa akiosha vyombo katika mkahawa mmoja mtaani Queens. Usiku, wateja wakiisha kuondoka, wahudumu waliketi pamoja kula, naye alikuwa akiketi karibu na mlango wa jikoni na gazeti lake. Mhudumu mmoja, mzee wa Kiyahudi, akamwuliza gazetini kuna habari gani. Kijana akajibu kwamba hawezi kumwambia, kwa kuwa hajui kusoma sawasawa. Mzee akamwuliza kama angependa wasome pamoja.

Hilo tu. Tangu usiku huo, kwa majuma mengi, mzee aliyekuwa amesimama kutwa nzima akibeba sahani aliketi na mwosha vyombo wakasoma gazeti. Alimwonyesha kazi ya koma, na maana ya silabi, na jinsi ya kuligawa neno refu asilolijua ili alitamke kipande kwa kipande. Hakumcheka. Ninawaomba walimu wenzangu waisome tena sentensi hiyo, kwani katika miaka yangu yote ya kufundisha nimewaona wanafunzi wengi zaidi walioachishwa kusoma kwa kicheko kuliko walioachishwa kwa karo.

Poitier alirudi Harlem. Ili aruhusiwe kusoma katika shule ya jumba lile alijitolea kufagia, afundishwe badala ya kulipwa. Alipewa nafasi ya akiba nyuma ya kijana mwingine aliyeitwa Harry Belafonte. Usiku mmoja Belafonte hakuweza kufika, Poitier akapanda jukwaani badala yake, na kati ya watazamaji alikuwamo mwelekezi aliyemwona akamwita Broadway. Kufikia mwaka wa 1950 alikuwa Hollywood, akiigiza daktari katika “No Way Out”.

Sitazihesabu filamu zote. Nitatua kwenye moja, kwa kuwa inatuhusu sisi, na sijapata kuizungumza bila moyo kunienda mbio. Mwaka wa 1956, nchi yetu ikiwa katika hali ya hatari, Poitier alikuja Kenya kupiga filamu ya “Something of Value”, iliyotokana na riwaya ya Robert Ruark. Aliigiza Kimani, kijana wa Kikuyu aliyekua pamoja na mwana wa mlowezi, aliyeigizwa na Rock Hudson. Kimani anapigwa kofi na Mzungu, baba yake anafungwa, naye anaingia msituni. Dedan Kimathi alinyongwa Februari 1957. Miezi michache baadaye filamu ile ilikuwa ikionyeshwa Marekani.

Je, alifanya vyema kuiigiza? Filamu yenyewe inaitazama Mau Mau kwa jicho la mlowezi. Kiapo kinaonyeshwa kama ushenzi mtupu, na ardhi, ambayo ndiyo iliyokuwa kiini cha vita, inatajwa kwa kupitia tu. Mwenye kutaka kumlaumu Poitier anazo sababu. Hata hivyo, mtazame usoni anapopigwa lile kofi. Mwandishi wa riwaya hakuuweka utu wa aina ile katika kitabu chake. Poitier ndiye aliyeuleta. Mimi huondoka kwenye filamu ile nikiwa nimeikasirikia na kumshukuru yeye, na sijafaulu kuzipatanisha hisia hizo mbili.

Tena hakutusahau. Mwaka wa 1959, Tom Mboya alipokuwa akitafuta fedha za kuwasafirisha vijana wetu wakasome Marekani, walioitia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani michango walikuwa watu watatu: mchezaji besiboli Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Nadhani mtu aliyefunzwa koma mkahawani, usiku wa manane, hakuhitaji kuelezwa mara mbili thamani ya nauli ya mwanafunzi.

Alijua pia kukataa. Katika miaka ya hamsini, kabla hajawa na jina, alipewa nafasi ya kuigiza mfagizi ambaye binti yake anauawa na wahalifu, naye ananyamaza kwa hofu. Mke wake alikuwa karibu kujifungua na nyumbani hakukuwa na fedha. Poitier alikataa kazi ile, akaweka rehani samani za nyumba kwa dola 75 ili alipie hospitali. Sababu aliyoitoa ilikuwa moja: Reginald, mkulima wa nyanya, asingenyamaza katu, na yeye hangemwigiza baba ambaye Reginald angemwonea haya.

Tarehe 13 Aprili 1964 alipokea tuzo ya Oscar kwa “Lilies of the Field”, akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Mwaka wa 1967 ukawa kilele chake: mwalimu wa London, daktari anayetaka kumwoa binti wa Kizungu katika “Guess Who’s Coming to Dinner”, na Virgil Tibbs, mpelelezi wa “In the Heat of the Night”, ambaye tajiri wa Kizungu anampiga kofi naye anamrudishia papo hapo. Kimani alipigwa kofi mwaka wa 1957. Miaka kumi baadaye Tibbs alilirudisha. Filamu hiyo ilipigwa kwa sehemu kubwa katika jimbo la Illinois, kwa kuwa Poitier hakutaka kwenda kusini. Miaka michache tu kabla ya hapo, yeye na Belafonte walikuwa wamefukuzwa na magari ya Ku Klux Klan usiku, huko Mississippi, walipowapelekea wapigania haki fedha zilizochangwa.

Katika mwaka huo huo wa 1967, Clifford Mason aliandika katika New York Times akiuliza kwa nini Marekani ya Wazungu inampenda Poitier kiasi hicho. Hoja yake ilikuwa kwamba Poitier anaigiza mtu mweusi asiye na kasoro, asiye na mke wala tamaa, aliyeumbwa ili asimtishe mtu. Shutuma hiyo ilimwuma, lakini haikuwa ya uongo mtupu. Mtazame tena yule mwalimu wa London: ana hasira mara moja tu katika filamu nzima. Sijawahi kumjua mwalimu wa namna hiyo, wala mimi sikuwa mmoja. Lakini namwuliza Mason: wakati ule, ni nani mwingine aliyekuwa amepewa nafasi? Mtu akiwa peke yake jukwaani kwa niaba ya mamilioni, hata kikohozi chake huhesabiwa.

Baadaye Poitier aligeukia uelekezi wa filamu, na “Stir Crazy” aliyoielekeza mwaka wa 1980 ilipata mapato makubwa mno. Tangu 1997 hadi 2007 alikuwa balozi wa Bahamas nchini Japani. Mwaka wa 2002 alitunukiwa Oscar ya heshima, usiku ule ule ambao Denzel Washington na Halle Berry walipata zao.

Mwaka wa 1992, taasisi ya American Film Institute ilipomtunukia kwa kazi ya maisha yake, alisimama mbele ya wakubwa wa Hollywood akamshukuru mhudumu mzee wa Kiyahudi aliyepata wakati wa kumfunza kusoma kijana mweusi aliyekuwa akiosha vyombo. Hakulitaja jina lake. Katika masimulizi yake yote hulikuti jina hilo.

Katika miaka yangu ya mwisho ya kufundisha alikuwapo mvulana wa kidato cha kwanza aliyesoma kwa kidole, midomo ikicheza kabla ya sauti kutoka. Darasani nilikuwa simwiti asome. Badala yake nilimwambia apitie ofisini baada ya michezo, na hapo tulikuwa tukisoma gazeti, ukurasa wowote autakao. Jioni moja nilimsimulia kisa hiki. Hakuuliza juu ya Oscar wala juu ya fedha.

“Mwalimu,” akasema, “yule mzee aliitwa nani?”

Nikamwambia hajulikani jina. Akafikiri kidogo, kisha akafungua gazeti upande wa michezo, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.