Si kila kutetemeka ni pepo: majibu kwa maswali yenu ya mimba na uzazi



Kwa majuma mengi sasa, vikaratasi mnavyotumbukiza katika sanduku la redio vinarudia jambo moja: mimba. Kuitafuta, kuibeba, kujifungua. Wengi wenu mnaandika bila jina, na tunawaelewa. Tumewauliza wauguzi na wakunga walio kati yetu kanisani, tena tumeangalia yale ambayo Shirika la Afya Duniani (OMS) linafundisha. Hatutajibu yote kwa urefu sawa, maana kuna swali moja ambalo lilitunyima usingizi. Tutalifikia.

“Tumeoana miaka miwili, hakuna mtoto. Mama mkwe anasema nina laana.” Mama, hauko peke yako. Mwaka 2023 OMS ilitangaza kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia shida hii wakati fulani wa maisha yake. Na shida inaweza kuwa kwa mke, kwa mume, ama kwa wote wawili. Tunajua wababa hawapendi kusikia hilo, lakini mwanaume mwenye afya na nguvu zote anaweza kuwa na mbegu chache ama dhaifu. Mwaka mmoja ukipita mkikutana kama kawaida na mimba haiji, nendeni wote wawili mkapimwe. Kama mama amepita miaka 35, msingoje zaidi ya miezi 6. Na ugonjwa wa zinaa uliofichwa bila kutibiwa unaweza kuziba mirija ya uzazi, kwa hiyo semeni ukweli mbele ya daktari. Elkana alikuwa na sababu zote za kijamii za kumdharau Hana, lakini hakumdharau.

Kuhusu siku zenyewe: yai la mama hutoka karibu siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, nalo haliishi zaidi ya siku moja hivi. Mbegu ya baba inaweza kukaa hai ndani ya mama hadi siku 5. Kwa hiyo siku chache kabla ya yai kutoka ndizo zenye tumaini kubwa, si baada yake.

“Ninazaa mabinti tu, mume anataka kunirudisha kwetu.” Yai la mama halichagui. Mbegu ya baba ndiyo inayokuja na alama ya mvulana ama ya msichana. Tukitafuta wa kurudishwa kwao kwa sababu hiyo, baba ndiye angefunga mizigo. Tuliache hapo.

“Nina mimba ya miezi sita, ninaweza kufunga pamoja na wengine siku tatu kavu?” Hapana, mama. Tunajua neno hili linagusa moyo, na kuna waombezi watakaotukasirikia. Lakini mama mwenye mimba anabeba watu wawili, na wengi wetu huku tunaanza mimba damu ikiwa tayari ni kidogo kwa ajili ya malaria na chakula haba. Kumnyima maji siku tatu ni kumnyima mtoto pia. Mchungaji atakupa njia nyingine ya kujitenga kwa maombi. Tena vidonge vya kuongeza damu usivifunge, wala dawa ya kuzuia malaria ambayo muuguzi hukupa kwa zamu kuanzia juma la 13, wala kulala ndani ya chandarua.

Sasa lile swali. Liliandikwa na kikundi cha maombi, na tunalifupisha: “Mke wa ndugu yetu, mimba ya miezi nane, alilalamika kichwa siku mbili. Usiku akaanguka, akakakamaa, akatetemeka, povu mdomoni. Tulikemea pepo. Akatulia, tukashukuru. Baada ya saa moja akaanguka tena. Tulikemea mpaka asubuhi. Alipofikishwa hospitali alikuwa hajitambui, na mtoto amekwisha kufa tumboni. Je, tulipungukiwa imani?”

Ndugu zetu, hamkupungukiwa imani. Mlikosa habari. Na sisi wa redio tuna sehemu yetu: tumewahi kupitisha hewani ushuhuda wa mama aliyekataa kwenda hospitali akajifungua salama, bila kuuliza ni wangapi walifanya hivyo na hawakurudi kushuhudia. Tunaomba msamaha.

Kile mlichoona wakunga wanakiita kifafa cha mimba. Hakihusiani na kifafa cha kawaida. Kwa kawaida huanza baada ya mimba kupita majuma 20: tansioni ya mama inapanda, mara nyingi protini inatokea katika mkojo, mishipa ya damu inaumia, na ubongo ukiguswa, mama anaanguka na kukakamaa. Kinaweza kumpata yeyote, ila zaidi mwenye mimba ya kwanza, mwenye mapacha, mwenye tansioni tangu zamani, ama aliyekipata katika mimba iliyotangulia.

Hapa kuna jambo linalotudanganya. Mtetemeko wa namna hiyo, mara nyingi, unaisha wenyewe kwa dakika moja ama mbili. Mtu akiwa anakemea wakati ule, ataona pepo ametoka. Lakini tansioni iko palepale, ndiyo maana ulirudi baada ya saa moja. Kila unaporudi, mama na mtoto wanazidi kuumia.

Hospitalini wanampiga sindano ya salfeti ya magnesiamu kuzuia mtetemeko, wanashusha tansioni, halafu wanaharakisha mtoto azaliwe, maana ugonjwa huu hauanzi kuisha kweli mpaka mtoto na kondo vimetoka. Mara nyingine njia ya haraka ni kupasuliwa.

Na mwili unatoa onyo mapema: kichwa kinachouma sana bila kuacha, macho kuona ukungu ama vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu. Moja tu likitokea, mama aende kupimwa tansioni siku ileile. Kumbukeni pia kwamba kifafa hiki kinaweza kuja baada ya kuzaa, hasa siku mbili za kwanza, na hata baada ya majuma. Mzazi aliyekwisha kurudi nyumbani akilalamika kichwa namna hiyo, msimwambie ni uchovu.

Ndiyo sababu ya CPN. Wengine wanaona ni kupanga mstari ili kujaziwa fishi. Lakini ule mkanda wa tansioni kwenye mkono ndio unaoona hatari kabla mama hajaihisi. Tangu 2016 OMS inapendekeza mama aonwe mara 8, ya kwanza kabla ya juma la 12 kwisha. Mara 8 ni nyingi kwa anayetembea saa tatu, tunajua. Asiache hata hivyo, wala asisubiri mwezi wa sita ndipo aanze.

“Na kupasuliwa, si kukosa imani?” Tumefungua Biblia juu ya hili. Shifra na Pua walikuwa wakunga, na Mungu aliwatendea mema. Tamari alizaa mapacha mkononi mwa mkunga. Raheli, mpendwa aliyeomba na kujibiwa, alifia njiani akijifungua, na hakuna mahali Maandiko yanamlaumu kwa imani. Daktari anapopasua, anapasua kwa sababu mtoto amekwama, kondo limeziba njia, ama mama anaelekea kufa.

Wengine wanaogopa pesa, hasa kuzuiliwa materinite kwa ajili ya deni. Hofu hiyo ina msingi, hatuifichi. Tangu 2023 serikali ilianzisha uzazi bila malipo huko Kinshasa, kisha ikaanza kuupeleka katika mikoa mingine. Ulizeni kituo chenu cha afya kinafanyaje, kabla ya siku kufika. Wenye AVEC, tengeni fungu la mama wajawazito. Mjue mapema pikipiki ya nani itaitwa usiku, na vijana gani watabeba tipoyi pale ambapo pikipiki haipiti.

Na akianguka mbele yenu? Mlazeni kwa ubavu wa kushoto. Ondoeni mawe na viti karibu naye. Msimtie kitu mdomoni, si kijiko, si maji, si mafuta. Msimkandamize. Mmoja apige simu kituo cha afya, mwingine achukue fishi yake ya CPN, na msafara uondoke palepale, hata kama ametulia. Waombezi nao waende, waombe njiani.