Upepo wa Thika Road unavyomaliza petroli ya bodaboda

Mhudumu wa bodaboda anayetoka Thika kwenda Ruiru kwa kilomita 90 kwa saa anaweza kuchoma petroli inayokaribia maradufu ya mwenzake anayeenda kwa 60. Pikipiki ni za aina moja, barabara ni ileile, abiria ni mmoja mmoja. Kinachowatofautisha ni hewa wanayoipasua njiani.

Barabara hii, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, ni pana na laini, na humshawishi mtu avute mafuta hadi mwisho. Lakini pikipiki nyingi zinazoitumia ni za cc 100 hadi 150, na injini za kadiri hiyo hutulia zikienda mwendo wa wastani.

Palipo tambarare, injini hushindana na vitu viwili: ukinzani wa tairi juu ya lami, na ukinzani wa hewa. Ule wa tairi haubadiliki sana kasi ikipanda. Ule wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi. Ukitoka 60 hadi 90, kasi imeongezeka mara moja na nusu, ila hewa inakusukuma nyuma kwa kani iliyozidi mara 2.25. Nguvu inayodaiwa injini ili kuishinda hewa hiyo hupanda kwa mchemraba wa kasi, yaani takriban mara 3.4.

Tupige hesabu ya karibu. Pikipiki, dereva na abiria wawe na kilo 220, dereva ameketi wima. Katika mwinuko wa Thika, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa humzuia kwa nyutoni 90 hivi akienda kwa 60, na karibu 200 akienda kwa 90. Tairi huongeza kama 40 kwa kasi zote mbili. Jumla ni 130 dhidi ya 240: kazi ya kila kilomita imeongezeka kwa takriban asilimia 85. Na kabureta ikifunguliwa kabisa, humwaga petroli nyingi kuliko kiasi kinachoungua vizuri.

Mwavuli unaofungwa juu ya pikipiki huzidisha gharama hiyo. Unamkinga abiria dhidi ya jua na mvua, lakini kwenye barabara kuu kitambaa chake hukamata upepo kutoka mbele na chini, na pikipiki huyumba lori linapopita. Koti lisilofungwa zipu na mzigo uliotokeza kando hufanya vivyo hivyo.

Je, haraka hiyo inaokoa nini? Thika hadi Ruiru ni kilomita 20 hivi. Kwa 60 utatumia dakika 20. Kwa 90, dakika 13 na ushei. Dakika hizo saba huisha upesi ukikwama kwenye msongamano wa kuingia mjini Ruiru.

Mraba huohuo wa kasi ndio unaoamua hali ya mwili ajali ikitokea. Kwa 90, pikipiki ina nishati mara 2.25 ya ile ya 60, na breki zinahitaji umbali mara 2.25 kuisimamisha. Nishati ambayo breki hazikuimaliza huwaishia dereva na abiria wake, mifupani na kichwani. Kwa hiyo helmeti ifungwe kamba kidevuni, ya dereva na ya abiria, hata kwa safari fupi.

Kasi ya 60 ina masharti yake: kaa njia ya kushoto, au tumia barabara ya pembeni palipo nayo, usiwe kizuizi mbele ya matatu. Pima upepo wa tairi zikiwa baridi, kwa kuwa tairi laini huongeza ukinzani. Paka cheni mafuta na usafishe filta ya hewa.

Anayetaka kuhakikisha ajaze tangi pomoni, aandike kilomita, afanye kazi yake kwa 60, kisha ajaze tena na agawanye kilomita kwa lita. Wiki inayofuata arudie njia zilezile kwa mwendo wake wa kawaida. Bei ya lita hutangazwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, tarehe 14 ya kila mwezi, na mhudumu hana la kufanya. Idadi ya kilomita anazopata kwa kila lita, hiyo iko mkononi mwake.