Taa ya Manjano Katika Motokaa Yangu

Mwezi uliopita nilipofika shuleni kumtazama mdogo wangu, vijana watatu wa kidato cha nne waliizunguka motokaa yangu wakaniuliza maswali mengi kuliko yale niliyoulizwa katika mtihani wa fizikia zamani nilipokuwa hapa. Mmoja akasema, "Kaka, ni kweli kwamba gari lenyewe husema lina ugonjwa gani?" Nilimjibu kwamba husema, lakini halisemi yote, na kwamba kutolijua jambo hilo kulinigharimu fedha za ada. Mwalimu anayesimamia gazeti letu alinisikia, akaniambia niyaandike. Basi nayaandika, kwa faida ya wadogo zangu mlio darasani na ya wenzangu wa zamani wanaotaka kununua gari lililokwisha tumika.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX, lililotengenezwa mwaka 2004. Liliuzwa kwanza Uingereza, kisha likaletwa Kampala, nami nililinunua kwa mtu aliyekuwa akilitumia hapa hapa mjini. Injini yake ni ya silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, nayo inasukumiwa hewa na turbo, yaani kipepeo kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe. Tangu utoto nilikuwa nikisikia habari za Impreza katika mashindano ya Safari Rally ya Kenya, ambako Colin McRae alishinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Gari langu si lile la mashindano, lakini jina ni moja, na jina lilinipumbaza.

Siku ya kununua sikuona taa yoyote ya hatari. Rafiki yangu alikuwa na kile chombo kidogo cha kusomea hitilafu, akakichomeka, kioo kikaandika kwamba hakuna namba yoyote. Nilikipiga picha kwa furaha, nikalipa.

Siku ya tatu nilikuwa nakwenda Jinja. Nilipoupita mji wa Mukono na kuanza kupanda kilima, gari likakosa nguvu, na hapo nikaona taa ya injini, ile ya manjano, imewaka. Niliporudi mjini nilikwenda katika gereji moja. Kijana akachomeka mashine, ikaonyesha P0171. Akasema bila kufikiri, "Sensa ya oksijeni imekufa." Sensa mpya ilimeza fedha nilizokuwa nimeziweka kwa ada ya mdogo wangu ya muhula. Akaifunga, akaifuta namba, taa ikazimika. Baada ya siku mbili ikawaka tena. Siku iliyofuata injini ikaanza kutetemeka, na taa sasa ikawa inawaka na kuzimika. Gereji ya pili ilisoma P0171 pamoja na P0303, wakasema turbo imekwisha. Nilipoinamisha kichwa nikiwaza bei ya turbo, mmoja wao akaninong'oneza, "Bwana, usijisumbue. Nitazifuta namba hizi, wewe uza gari leo jioni."

Nakiri kwamba nilifikiri sana juu ya maneno hayo. Alikuwako mwalimu kijana wa kwetu aliyekuwa amelipenda gari hilo na fedha anazo.

Kabla sijaeleza nilivyofanya, yafaa niwaeleze namba hizi ni kitu gani. Katika gari la siku hizi imo kompyuta inayoongoza injini. Hupokea habari kutoka kwa sensa nyingi: hewa inayoingia ni kiasi gani, injini ina joto gani, moshi umebakiwa na oksijeni kiasi gani. Ikiona habari isiyopatana na mipaka iliyowekewa na watengenezaji, huweka namba katika kumbukumbu yake na kuwasha taa. Marekani ililazimisha magari yote mapya kuwa na mtindo mmoja wa namba hizo tangu magari ya mwaka 1996, na nchi za Umoja wa Ulaya zikafuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Ndiyo sababu tundu la kuchomekea chombo lina pini 16 na hukaa karibu na usukani. Lakini jihadharini: magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kuuzwa Japani kwenyewe yana tundu la umbo lile lile, na hata hivyo vyombo vya bei rahisi hushindwa kuzungumza nayo.

Namba yenyewe husomwa kipande kwa kipande. Herufi P ni mambo ya injini na giaboksi. B ni bodi. C ni breki na mambo ya chini ya gari. U ni mawasiliano ya kompyuta na kompyuta. Sifuri inayofuata yaonyesha kuwa namba ni ya wote. Ikiwa 1, mara nyingi ni ya kampuni iliyotengeneza gari. Tarakimu ya pili baada ya herufi hutaja idara: 1 ni hewa na petroli, 3 ni cheche na silinda zinazokosa kuwaka. Basi P0303 maana yake ni kwamba silinda ya 3 inakosa kuwaka. Na P0171 maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Tazameni vizuri: hakuna mahali namba hiyo iliposema "nunua sensa."

Siku ile sikumpigia simu yule mwalimu. Nilikwenda kwa mzee mmoja fundi niliyeelekezwa na jirani. Nilipomwambia, "Mzee, gari lina P0171 na P0303," alinijibu, "Hayo ni maumivu, mwanangu. Ugonjwa bado hatujauona."

Kwanza aliziandika namba zote katika daftari, wala hakufuta kitu. Pili alifungua ile habari ambayo kompyuta huihifadhi wakati namba inapowekwa. Ilionyesha kwamba P0171 iliwekwa injini ikiwa ya moto, gari limesimama, na injini inanguruma polepole. Basi kilima hakikuwa chanzo cha taa.

Kisha akaangalia jambo ambalo gereji mbili za kwanza hazikuliangalia hata kidogo, nalo ni marekebisho ya petroli. Petroli huungua vema ikiwa gramu 1 yake imepata hewa gramu 14.7. Kompyuta ikisikia kwa sensa ya oksijeni kwamba hewa imezidi, huongeza petroli, na kiasi ilichoongeza huonekana katika chombo kwa asilimia. Katika gari zima hesabu hiyo huwa karibu na sifuri, na ikipita 10 yafaa kuuliza kwa nini. Gari langu likinguruma polepole lilikuwa na 24. Mzee akanikanyagisha mafuta mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika. Hesabu ikashuka mpaka 6.

Akanitazama kama mwalimu. "Wewe ulisoma. Niambie kwa nini."

Nilishindwa, naye akanieleza. Kama pampu ya petroli ingekuwa dhaifu, hitilafu ingezidi injini ikitaka petroli zaidi. Lakini yangu ilipungua. Basi pana tundu linaloiba hewa baada ya ile sensa inayopima hewa inayoingia. Injini inaponguruma polepole huvuta hewa kidogo, tena kwa mfyonzo mkali, kwa hiyo hewa ya wizi huwa sehemu kubwa. Injini inapovuta hewa nyingi, tundu ni lile lile, lakini wizi wake huwa mdogo ukilinganishwa na hewa yote.

Alichukua kipande cha hozi, akakiweka ncha moja sikioni na nyingine akaipitisha polepole katika mabomba ya hewa. Mahali fulani akatulia. Palikuwa na hozi nyembamba ya mpira, iliyopasuka upande wa chini usioonekana. Akaibana kwa koleo karibu na mwanzo wake, nami niliyekuwa nashika chombo nikaona 24 inaporomoka, 18, 11, hata 4. Hozi ile ndiyo iliyopeleka msukumo wa hewa kwenye vali inayoachilia hewa ya turbo dereva anapoinua mguu. Vali hiyo huhitaji msukumo huo ili ibaki imefungwa. Hozi ilipopasuka, vali ilifunguka kabla ya wakati, na kwa hiyo gari lilikosa nguvu mlimani. Tundu moja lilieleza mambo mawili. Na sensa yangu ya oksijeni ya kwanza ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Mimi wangu nilimtupa jalalani.

Ikabaki silinda ya 3. Mzee aliitoa koili yake, akaibadilisha na ya silinda ya 1, zote mbili zikiwa upande wa kulia. Sasa akafuta namba, tukaendesha. Taa iliporudi, namba ilikuwa P0301. Hitilafu imeifuata koili. Kwa hiyo ni koili, si plagi wala pistoni. Kama ingebaki P0303, tungetafuta kwingine. Alinionya pia kwamba taa inapowaka na kuzimika, dereva apunguze mwendo na asimamishe gari mapema, maana petroli isiyoungua huingia katika chombo cha kusafishia moshi, kile ambacho mafundi wengine hukiita masega, ikakiunguza. Hozi na koili kwa jumla hazikufikia nusu ya bei ya ile sensa.

Nilipokuwa nalipa nilimwonyesha ile picha ya siku ya kununua. Akaweka kidole chini ya maneno "hakuna namba." Palikuwa na orodha ya majaribio ambayo kompyuta hujipima yenyewe, na karibu yote yaliandikwa kuwa hayajakamilika. Kumbukumbu ilikuwa imefutwa muda mfupi kabla, au betri ilikuwa imechomolewa. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba aliyeniuzia alinidanganya. Lakini najua kwamba mimi nilikaribia kumfanyia mwalimu wa watu jambo hilo hilo.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mkitaka kununua gari:

1. Fungueni swichi kabla ya kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, huenda imeondolewa makusudi.
2. Angalieni kama majaribio ya kompyuta yamekamilika. Yasipokamilika, ombeni kuliendesha gari kwa siku kadhaa au mrudi baadaye.
3. Namba ikionekana, iandikeni, wala msiruhusu ifutwe kabla ya kusoma habari zilizohifadhiwa pamoja nayo.
4. Msinunue kipuri mpaka fundi awaonyeshe jaribio lililothibitisha kosa.

Mdogo wangu alikaa nyumbani majuma mawili muhula ule, mpaka nilipopata fedha nyingine. Alipokosa mtihani wa katikati ya muhula hakunilaumu, nami sikupata usingizi. Yule mwalimu kijana alinunua gari jingine. Kabla hajalipa, tulikwenda pamoja, nami nilichukua chombo changu.