Deadvlei, Kabla Kivuli Hakijaondoka

Mwaka 2011 jarida la National Geographic lilichapisha picha iliyopigwa na Frans Lanting ambayo watu wengi waliidhania kuwa mchoro. Migunga myeusi imesimama juu ya sakafu ya samawati, na nyuma yake kuna ukuta wa rangi ya chungwa wenye vidoa vyeupe. Hakuna aliyeshika brashi. Sakafu ile ni udongo wa Deadvlei, ndani ya Hifadhi ya Namib-Naukluft nchini Namibia. Ukuta ni kilima cha mchanga, na vidoa ni mashuke ya nyasi. Lanting alikuwa pale alfajiri, basi.

Jua linapochungulia, mwanga wake huja kwa mlalo, ukapita katika hewa zaidi ya mara 30 ya ile unayopita likiwa utosini. Njiani molekuli za hewa huitawanya buluu kila upande, na kinachofika ni manjano na nyekundu. Mwanga huo huangukia mchanga ambao chembe zake zimevikwa kutu ya chuma, na kilima kizima huwaka. Bonde lenyewe bado liko kivulini, jua halijalifikia. Kinacholiangazia ni anga tupu iliyo juu yake, yaani ile ile buluu iliyotawanywa, na udongo mweupe huipokea kama ilivyo. Macho yetu huisawazisha rangi hiyo bila sisi kujua. Kamera huinasa, mradi usiiachie ijipangie rangi yenyewe, maana itauona usamawati kuwa kosa na kuufuta.

Hali hii haidumu. Jua hupanda kama digrii 12 au 13 kwa saa, na kivuli hurudi nyuma huku unakitazama. Miti ndiyo haina haraka. Zamani mto Tsauchab ulimwaga mafuriko yake hapa, migunga ikaota. Kisha mchanga ukauzibia mto njia. Migunga ilikufa miaka 600 hadi 700 iliyopita na mpaka leo haijaoza, kwa kuwa vijidudu vinavyoozesha mti huhitaji unyevu. Inama karibu na shina moja: jua limeliunguza likawa jeusi kama mkaa, na udongo chini yake umepasuka vigae vigae. Tafadhali usiliegemee wala usilikwee. Hakuna mche unaosubiri kuchukua nafasi yake.

Kwa hiyo ratiba ya safari ianzie kwenye kivuli hicho, ihesabiwe kurudi nyuma. Kutoka geti la Sesriem hadi mwisho wa lami ni kilomita 60 hivi. Zinafuata 5 za mchanga mtupu, ambazo ni za gari la fobai-fo tu, halafu mwendo wa miguu wa kama kilomita moja. Geti la nje hufunguliwa jua likichomoza. Aliyelala nje ya geti atafika kivuli kikiwa kinaaga au kimeshaondoka. Wanaolala kambi ya ndani huruhusiwa kutoka mapema, kama saa moja kabla ya jua. Mimi ningeacha kununua lenzi mpya ili nilipie nafasi katika kambi hiyo.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mtego wetu hapa. Kwetu jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, na saa zetu huhesabiwa kutokea hapo. Deadvlei iko kusini ya Tropiki ya Kaprikoni na mbali magharibi mwa ukanda wake wa saa: mwezi Juni jua huchomoza baada ya saa 1:30 asubuhi, Desemba karibu na saa 12, na kilele chake hukifikia kama saa 7 mchana.

Kwenye zile kilomita 5, punguza upepo wa matairi. Tairi laini hutandaza uzito wa gari kwenye eneo pana, likapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Alasiri upepo ukishaamka, usibadilishe lenzi nje ya gari.

Usiku hamia kusini, NamibRand, hifadhi binafsi iliyotambuliwa kimataifa mwaka 2012 kwa giza la anga lake. Juni, usiku wa manane, kitovu cha Njia Nyeupe hupita karibu kabisa na utosi, mbali na hewa nene ya upeoni. Elekeza lenzi pana juu na uiache wazi sekunde 20 hivi. Ukizidisha sana, mzunguko wa dunia utazivuta nyota ziwe mistari. Chagua siku zisizo na mwezi. Ukikosa, usilale. Mwanga wa mwezi mpevu huzimeza nyota nyingi, lakini ni mwanga wa jua lile lile uliorudishwa: kamera ikiachwa wazi vya kutosha, anga la usiku hutoka buluu na mchanga mwekundu, na juu yake nyota chache zilizobaki.