Kidonda Kisichopona Kisisubiriwe

Mtoto mwenye ualbino huzaliwa na ngozi yenye melanini kidogo mno au isiyo nayo kabisa. Melanini ndiyo kinga ya asili dhidi ya mionzi ya urujuanimno. Pasipo kinga hiyo, jua la ikweta huanza kuidhuru ngozi tangu utotoni. Madhara hujikusanya kimyakimya, na ndiyo maana nchini Tanzania watu wengi wenye ualbino hupata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana, aghalabu usoni, masikioni, midomoni na shingoni.

Saratani hii huzuilika. Mjini Moshi hutengenezwa losheni maalumu ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, nayo hugawiwa sambamba na elimu. Elimu hiyo ni ya lazima, kwani asiyeelekezwa aweza kuipaka losheni usiku kama mafuta ya kawaida. Tena losheni haichukui nafasi ya kofia pana, mikono mirefu na kivuli, hasa kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri.

Hata hivyo, kinga ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kugundua mapema. Vigaga vikavu vinavyotangulia saratani huweza kuondolewa kwa kugandishwa na nitrojeni ya kimiminika. Saratani changa nayo hukatwa kwa upasuaji mdogo, mgonjwa akarejea nyumbani siku hiyohiyo. Ikichelewa, hupenya hadi kwenye mfupa au tezi, na tiba huhitaji upasuaji mkubwa au mionzi, ambayo hupatikana katika hospitali chache, ikiwamo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa familia inayomtegemea mgonjwa huyo, ucheleweshaji huo huweza kuwa miezi mingi bila riziki.

Wengi huchelewa kwa sababu kidonda hakiumi, au kwa sababu nauli haipo. Wengine hufika zahanati mapema, lakini hupewa dawa ya kupaka mara kwa mara bila kupewa rufaa. Kwa mhudumu wa afya, kanuni iwe moja: mtu mwenye ualbino akiwa na kidonda kisichopona kwa majuma manne, apelekwe kwa daktari wa ngozi. Hata akija kutibiwa malaria, aombwe avue kofia, atazamwe nyuma ya masikio.

Mafunzo yaanze kliniki ya mama na mtoto, yaendelee shuleni, ambako mwalimu humruhusu mtoto kuvaa kofia na kumpangia kazi za kivulini. Kila tarehe 13 Juni dunia huadhimisha siku ya uelewa kuhusu ualbino. Jua, hata hivyo, huwaka kila siku, na elimu nayo haina budi kutolewa kila siku.