Mwili wa Mama Unapobadilika: Si Uvivu, Wala Si Uchawi



Katika kliniki hutujia akina mama wa aina mbili. Wa kwanza ana miaka 45 hivi na anauza chakula karibu na machimbo. Huniambia, "Sista, sili kuliko zamani, lakini magauni ya mwaka jana hayanitoshi." Wa pili amepita miaka 60, na huletwa na binti yake. Nguo zinamlegea, anakunywa maji mengi, na usiku anatoka nje kukojoa mara nne au tano. Majirani wameanza kunong'ona. Mmoja anasema ni UKIMWI, mwingine anasema amelogwa. Na wapo wanaomwona uani saa nane za usiku, wakasema mchawi ni yeye.

Mwezi huu tuelezane jinsi mwili wa mwanamke unavyotumia chakula tangu ujana hadi uzee. Familia isiyojua mambo haya inaweza kumchelewesha mama kufika hospitali, au hata kumtia katika hatari kubwa zaidi.

MOTO WA MWILI

Chakula tunachokula mwili hukivunjavunja. Sehemu huiunguza kama kuni ili kupata nguvu na joto, sehemu hujengea misuli, mifupa na damu, na kinachobaki huwekwa akiba kama mafuta. Kazi hii yote wataalamu huiita metaboli. Hata ukiwa umelala fofofo, moyo, ubongo, ini na figo vinaendelea kuunguza kuni zao.

Wengi tunaamini kwamba moto huu huanza kufifia mara mama akifika miaka 40. Lakini mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wachanga wa siku 8 hadi wazee wa miaka 95. Ukilinganisha na ukubwa wa mwili, mtoto wa mwaka mmoja huunguza chakula kwa kasi inayomzidi mtu mzima kwa karibu nusu. Kasi hiyo hushuka polepole mpaka miaka 20. Kuanzia 20 hadi 60 hubaki pale pale, kwa wanaume na kwa wanawake. Ni baada ya miaka 60 ndipo hupungua, tena kidogo kidogo, chini ya asilimia 1 kwa mwaka.

Basi mama wa miaka 45 asiulaumu moto. Aangalie kuni. Zamani alikula ugali, mlenda, nsansa na dagaa. Sasa yuko mjini, Katoro au Kahama. Asubuhi ni chai ya sukari nyingi na maandazi, mchana anaonjaonja anachowapikia wateja, na jioni soda na chipsi. Anasema hali kuliko zamani, na huenda sahani ni ile ile kweli, lakini mafuta na sukari vimeongezeka ndani yake.

Mwingine atasema, "Mimi nafanya kazi ngumu, chakula kinaisha chenyewe." Herman Pontzer wa Marekani, aliyeongoza utafiti huo wa mwaka 2021, aliwahi kuwapima pia Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, majirani zetu wa upande wa Meatu. Matokeo yalitolewa mwaka 2012. Wahadzabe hutembea mwendo mrefu kila siku kuwinda na kuchimba mizizi. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa miili yao, nguvu walizotumia kwa siku hazikuwazidi watu wa mijini wa Marekani na Ulaya. Hapa tunajifunza kwamba kazi ya mwili hulinda moyo, misuli na mifupa, nayo husaidia kushusha sukari. Lakini unene huamuliwa zaidi na sahani.

HEDHI INAPOKOMA

Kwa akina mama wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Ikipita miezi 12 bila kuiona, tunasema imekoma. Homoni iitwayo estrojeni hupungua sana, na hapo mambo kadhaa hubadilika.

Kwanza, mafuta huhama. Zamani yalikaa zaidi mapajani na makalioni, sasa hujikusanya tumboni, kuzunguka ini na utumbo. Hata mama ambaye uzito wake haukuongezeka huona kiuno kimepotea. Mafuta ya mahali hapo huizuia insulini kufanya kazi vizuri. Insulini ni kama ufunguo unaoingiza sukari ndani ya chembe za mwili. Ufunguo ukikwama, sukari hubaki katika damu, na huo ndio mwanzo wa kisukari. Shinikizo la damu na mafuta katika damu navyo huelekea kupanda.

Pili, mifupa hupoteza madini yake kwa haraka, hasa miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma.

Tatu, huja joto la ghafla, jasho, na kukosa usingizi. Mimi mwenyewe nimeipita njia hii. Nimeamka saa nane za usiku kitanda kimelowa, nikafungua mlango nikasimama uani nipate upepo. Nilikuwa ninatafuta hewa, basi.

BAADA YA MIAKA 60

Sasa moto unapungua kweli, na misuli nayo inapungua. Mama anahitaji ugali kidogo kuliko zamani, lakini vyakula vya kujenga mwili anavihitaji kama zamani au zaidi. Bahati mbaya sisi hufanya kinyume. Bibi hupewa ugali na mchuzi, na kipande chake cha samaki humgawia mjukuu. Baada ya miaka michache mikono imebaki mifupa, na kuinuka kwenye kigoda ni shida.

Mzee anahitaji angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mama wa kilo 50 anahitaji gramu 50. Yai moja lina kama gramu 6, bilauri ya maziwa gramu 8, na kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15. Dagaa, karanga, choroko, dengu na maziwa mgando vyote vinapatikana katika minada yetu. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kwa daktari.

Wengine huuliza kuhusu Kwaresima. Kanuni ya 1252 ya Sheria za Kanisa humdai mtu mzima kufunga mpaka anapoanza mwaka wake wa 60. Baada ya hapo hadaiwi. Na anayetumia dawa za kisukari, wa umri wowote, asifunge bila kuzungumza na mganga wake, maana sukari ikishuka ghafla anaweza kuzimia.

HUU SI UZEE, NI UGONJWA

Kukonda bila kukusudia si jambo la kawaida katika umri wowote. Kukonda pamoja na kiu na mkojo mwingi ni dalili za kisukari. Kukonda pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi kunahitaji kipimo cha kifua kikuu, hasa katika maeneo yetu ya machimbo. UKIMWI pia upimwe bila aibu, kwa kuwa dawa zipo na watu wanaishi. Na mama aliyekoma hedhi akiona damu tena, hata tone, aende hospitali asingoje.

Kipimo cha sukari ni tone la damu kidoleni. Kabla ya kula asubuhi, ikifika 7.0 au zaidi, mganga atarudia kipimo ili kuthibitisha kisukari. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kila inapopimwa, ni ya juu. Nyumbani pima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani. Kikizidi sentimita 80, chukua tahadhari. Kikizidi 88, hatari ni kubwa.

TUFANYE NINI?

Gawa sahani yako: nusu iwe mboga za majani, robo ugali, viazi au wali, robo maharage, dagaa, mayai au nyama. Ugali wa dona, mtama au uwele ni bora kuliko wa sembe.

Punguza sukari katika chai na acha mazoea ya soda. Pima mafuta ya kupikia kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa.

Tembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Misuli nayo ipewe kazi mara mbili kwa wiki. Mzee anaweza kukaa kitini na kuinuka mara kumi bila kujishika. Bibi wa Kihadzabe huendelea kuchimba mizizi uzeeni, naye huwalisha wajukuu.

Usinunue dawa za kukata tumbo zinazouzwa mnadani. Hujui kilichomo, na nyingine huharibu ini na figo.

Kuanzia miaka 40, pima presha na sukari angalau mara moja kwa mwaka.

NENO KWA FAMILIA

Sote tunajua kwamba katika mikoa yetu akina bibi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ushahidi uliotajwa ni macho mekundu tu. Macho hayo yamekula moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe kwa miaka mingi, wakitupikia sisi. Kutembea usiku kuna sababu zake, na kukonda vilevile. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamhesabu mkosaji yule anayemtaja mwenzake kuwa mchawi.

Kwa hiyo, ukisikia maneno hayo katika jumuiya yako ndogo ndogo, usinyamaze. Sema, "Huyu mama apelekwe akapimwe." Kisha umsindikize wewe mwenyewe. Na leo jioni, kabla ya kugawa kitoweo, mtazame bibi amewekewa nini kwenye sahani yake.

Mungu awabariki na awalinde mama zetu.