Farasi wa mbio za mapipa hanunuliwi kwa kasi pekee

WENGI wanaotafuta farasi wa mbio za mapipa na nguzo nchini Marekani huuliza kwanza swali moja: anatumia sekunde ngapi? Swali hilo lina msingi, kwani ushindi hupimwa hadi sehemu ya mia ya sekunde. Hata hivyo, mnunuzi anayeishia hapo anaweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hasara yake si ya fedha tu, kwa sababu farasi mwenye maumivu anaweza kujikwaa kwenye kona na kumwangusha mpandaji.

Katika mbio za mapipa, farasi huzunguka mapipa matatu yaliyopangwa kwa umbo la pembetatu. Kwenye uwanja wa vipimo kamili, pipa la kwanza na la pili hutenganishwa na meta 27, na kutoka kila moja hadi la tatu ni meta 32. Mbio za nguzo hutumia nguzo sita katika mstari mmoja, zikiachana kwa meta 6.4. Farasi hukimbia hadi nguzo ya mbali, hurudi akipita katikati yake kwa kupindapinda, hugeuka na kurudia, kisha hutimua mbio kumalizia. Kwa kawaida, kuangusha pipa au nguzo huongeza sekunde tano.

Kusimama ghafla, kugeuka na kuchomoka upya huchosha viungo vya miguu na kwato. Ndiyo maana aina ya Quarter Horse, ambayo chama chake kiliundwa Texas mwaka 1940, hupendwa kwa misuli yake mikubwa ya nyuma. Lakini misuli huweza kuficha kilema.

Kinga ya kwanza ni uchunguzi wa daktari wa mifugo aliyechaguliwa na mnunuzi, si muuzaji. Daktari hukunja kila mguu kwa muda mfupi, kisha farasi hukimbizwa polepole ili ionekane kama anachechemea. Picha za eksirei huonyesha hali ya mifupa ya kwato na magoti. Damu nayo hupimwa, kwani dawa za kutuliza maumivu zinaweza kumfanya mgonjwa aonekane mzima siku ya mauzo. Kipimo cha Coggins hubaini upungufu wa damu wa kuambukiza, maradhi ya farasi yasiyo na tiba.

Tabia ni jambo la pili. Ni vyema mnunuzi amwone farasi kabla hajatandikwa, ampande mwenyewe, na amtazame akiingia uwanja wa mashindano. Anayegoma langoni au kusimama kwa miguu ya nyuma huenda ameshindanishwa kupita kiasi, au anaumwa. Kwa mpandaji anayeanza, farasi mtulivu mwenye miaka 10 au zaidi, aliyezoea mashindano, huwa salama kuliko kijana mwenye kasi asiyejua kazi.

Bei nayo si kipimo cha ubora. Farasi maarufu Scamper alinunuliwa kwa dola 1,100 tu, lakini akiwa na mpandaji wake, Charmayne James, alitwaa ubingwa wa dunia mara 10 mfululizo, kuanzia 1984 hadi 1993.

Muuzaji mwaminifu hatakataa farasi wake achunguzwe. Akikataa, au akishinikiza alipwe siku hiyo hiyo, mnunuzi ameshapata jibu lake: aondoke na fedha zake.